Swali la Saa Kumi

Risala ya Kijiwe cha Mafundi Redio na Chumba cha Watunzaji kwa Mkurugenzi wa Ukumbi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Ukumbi wetu wa mtandaoni;
Wasaidizi wake mliofuatana naye;
Mwalimu Mkuu wa shule ya jioni, uliyetuazima darasa hili na viti vyake;
Wenzetu wa Kijiwe, wenzetu wa Chumba:

KARIBU

Kabla ya lolote tunaomba radhi kwa mambo mawili.

La kwanza, hatukutaja watu kwa vyeo na majina yao. Si utovu wa adabu. Wengi wetu leo ndiyo mara ya kwanza kuonana uso kwa uso, na tunajuana kwa majina ya mtandaoni tu. Mchana huu mlangoni palikuwa na kituko. Tulimtarajia Simba wa Volteji awe pande la mtu. Akaja kijana mwembamba, mpole, ameshika chakula chake ndani ya kopo. Naye Bibi Kapasita, ambaye kwa miaka miwili tumekuwa tukimwamkia "shikamoo, bibi", ni mwanamume mwenye ndevu. Tulipobaki tumeduwaa akatuitikia "marahaba, wajukuu", akaenda zake kukaa.

La pili, ratiba yako ilisema utapokea risala saa kumi na nusu, baada ya chai. Sisi tukaomba isogezwe mpaka saa tisa na nusu. Wasaidizi wako walituuliza sababu, tukawaambia sababu imo ndani ya risala. Imo. Tunakuomba tu saa yako uivue uiweke mezani, mahali unapoiona.

Risala hii imeandikwa na Katibu wetu, huyu anayekusomea. Mtandaoni anaitwa Kidole Kimoja, kwa kuwa huandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili una mtoto. Wapo waliomtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye huwajibu kwamba hakivunji, lakini kinaandika. Yatakayosimuliwa humu ni ya nyumbani kwake, ila alitukatalia katakata kuandika "mimi". "Nikiandika mimi nitalia," alisema, "na karatasi safi ninayo hii moja." Basi humu ataitwa yeye, kana kwamba hayupo, na sisi tutabaki kuwa sisi.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, Ukumbi wako una vyumba vingi na kila chumba kina mlango wake. Kwa miaka mingi watu wa Kijiwe hatukujua kwamba kuna watu wa Chumba. Kijiweni wamo mafundi redio, wale waliosalia: watu ambao maduka yao yamebanwa kulia na kushoto na maduka ya simu, wanaoshinda kutwa na mteja mmoja, na siku nyingine hata huyo hayupo. Chumbani wamo wanaotunza wazazi waliopotewa na kumbukumbu, na hao hawatoki nyumbani. Kila upande ulikuwa na upweke wake, na kila upande ulidhani upweke ni wake peke yake.

Kidole Kimoja anakaa vyumba viwili nyuma ya lililokuwa duka la baba yake. Mzee alikuwa fundi redio miaka arobaini. Mama alitangulia. Baba wa mtoto yuko kazini mbali, hurudi kila baada ya miezi mitatu na mfuko wa nguo chafu na mapenzi mengi, kisha huondoka tena. Jioni tatu kwa wiki mwenzetu huja kusoma katika darasa hili hili, na jirani yake, mama mmoja mshona viatu, humshikia nyumba.

Mzee alipoanza kusahau, watu walipiga hodi. Walikuja, wakaketi, mzee akawauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Wakajibu. Akawauliza tena. Wakajibu tena, wakatazama saa. Wakapungua kama watu wanavyotoka mkutanoni kabla haujafungwa: hakuna anayeaga, ila ukigeuka unakuta viti ni vitupu. Mwishowe mlango ukawa unagongwa na upepo tu.

Na binti yake pia mzee humuuliza.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wako, baba."

"Wangu?" Humtazama juu mpaka chini, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. "Basi nilibahatika."

Dakika tano zikipita: "Samahani, dada. Eti wewe mtoto wa nani?"

Lile "nilibahatika" humfurahisha kila mara, hata liwe la kumi. Ni lile "samahani, dada" linalommaliza.

Ili mikono ya mzee isikae bure, binti alimuunganisha na Kijiwe. Dirishani kuna meza yake ya zamani ya kazi, na juu yake kompyuta ambayo mzee aliifufua mwenyewe zamani. Alimwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza. Ajabu ni kwamba mzee aliyesahau jina la mkewe hakusahau pa kubonyeza. Kila siku saa kumi kamili, baada ya kunywa chai yake, huketi, huvaa miwani, na kwa kidole kimoja kama bintiye huanzisha mazungumzo mapya, au uzi mpya kama tunavyoita sisi wa mtandaoni:

"Hamjambo mafundi. Mimi ni mgeni humu. Redio yangu ya mbao inanguruma, sauti ya mtu haitoki. Nianzie wapi?"

Siku ya kwanza tulimjibu. Siku ya pili tulimjibu. Siku ya tano mmoja wetu aliuliza kama mzee anatutania. Siku ya tisa fundi mmoja, hatutamtaja ingawa amekaa pale karibu na dirisha, akamwandikia: "Mzee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe leo siku ya tisa bado mgeni? Si tulishakujibu jana?"

Mzee akajibu: "Samahani, kijana wangu. Jana nilikuwa wapi?"

Wengine waliweka vicheko. Halafu vicheko vikakoma, kimoja baada ya kingine. Simba wa Volteji, ambaye alilelewa na bibi aliyeondoka duniani akimwita kwa majina ya watu wengine, akatuandikia pembeni: "Jamani, huyu mzee hatanii. Tumpokee kila siku kama ndiyo kwanza anaingia."

Hapo ndipo ilipozaliwa zamu. Kila siku fundi mmoja hukaa tayari saa kumi. Sheria ya zamu ni moja: hakuna kuandika "tulishasema". Unamkaribisha, unamwamkia, unaanza naye mwanzo. Kwa kuwa alijiita mgeni, nasi tukamwita Mgeni wetu.

Binti yake, tangu alipomwonyesha pa kubonyeza, hakujua kinachoandikwa. Saa kumi ndiyo saa anayomwogesha mtoto uani. Alimwona tu baba yake akirudi kutoka mezani mabega yamenyooka, naye akadhani ni chai.

Yeye alikuwa kwingine. Chumbani alikuwa na uzi wake mmoja mrefu, alioupa jina "Baba anaponiuliza kilekile". Humo alitua mizigo yake, jioni baada ya jioni, kwa watu asiowajua. Hakumtaja baba yake kwa ufundi wala kwa redio. Alisema tu, "baba".

Siku moja Simba wa Volteji akabisha hodi Chumbani, ndani ya uzi huo huo, kuomba ushauri: "Sisi mafundi tuna mzee wetu mmoja wa mtandaoni, tunaogopa tusije tukamkosea." Akanukuu swali lote kama lilivyo. Kidole Kimoja alikuwa amesimama jikoni, mtoto mgongoni. Aliposoma "redio yangu ya mbao" alikaa juu ya ndoo. Redio yenyewe ilikuwa mbele yake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Ni nzima, haijawahi kunguruma tangu mzee aitengeneze, na hiyo ni miaka mingi.

Akaandika maneno manne: "Huyo ni baba yangu."

Mgeni rasmi, hivyo ndivyo Kijiwe na Chumba vilivyojuana.

TULIYOYAPATA

Kwa kawaida sehemu hii hujaa takwimu. Sisi tunayo moja: mia tatu na kumi na moja. Ndizo siku ambazo Mgeni wetu aliuliza swali lake na kujibiwa.

Mtu wa nje akisikia atasema ni swali moja limerudiwa mara mia tatu na kumi na moja. Swali ndiyo, ni moja. Lakini mazungumzo hayakuwahi kufanana. Ukimwambia, "Fungua kifuniko cha nyuma", ufundi wake huamka ghafla, anakukemea: "Polepole, kijana! Chomoa kwanza waya ukutani, kisha subiri. Kapasita huweka umeme tumboni hata ukishachomoa. Mimi nimeona mtu akirushwa." Siku nyingine alimfundisha Bibi Kapasita kuutafuta ubovu kwa sikio, kwa kugongagonga ndani na kijiti kikavu mpaka mngurumo ubadilike. Na iko siku fundi wa zamu alimweleza kwamba ameshindwa kumwambia mteja redio yake haitengenezeki. Mzee akaandika: "Usimwambie imekufa. Mwambie vifaa vyake haviuzwi tena. Mjane aliyekuletea redio ya mumewe, wewe unadhani amekuletea redio?"

Hayo yote aliyasema mtu ambaye dakika kumi nyuma alikuwa ameuliza aanzie wapi.

Upande wa Chumba, tulijifunza kutoka kwa mafundi jambo ambalo hatukulipata kwenye vitabu. Tuliacha kusema "si nimekwambia". Mama mmoja wetu aliweka zamu nyumbani kwake, yeye na kaka zake wawili, kila mmoja siku yake ya kuulizwa. Anasema tangu hapo hakuna aliyempandishia mzazi sauti, kwa kuwa kila mmoja anajua kesho si siku yake.

Na tuseme ukweli, maana tuko wenyewe kwa wenyewe. Zamu ilipangwa kwa ajili ya mzee, lakini ilitusaidia sisi. Yupo hapa fundi ambaye kuna siku zilipita swali la mzee likiwa ndilo jambo pekee aliloulizwa na binadamu kutoka asubuhi hadi jioni. Anasema ikifika saa kumi kasoro robo huchana nywele. Tulipomcheka akatuambia, "Chekeni tu. Nyinyi mnamchania nani?"

YALIYOTUKWAMA

Sasa tunafika penye mwiba.

Tuliona hasara mafundi wakae kwao na watunzaji kwao, na mzee ni mmoja. Tukaomba ofisi yako ituweke mahali pamoja, na nyuzi zinazohusiana ziunganishwe. Ofisi ilituletea fomu. Ukurasa wa pili wa fomu ulikuwa na kisanduku kidogo: "Ondoa yanayojirudia?"

Kidole Kimoja ndiye aliyejaza. Hapa tunaomba Mwalimu wa insha, aliyeketi nyuma yako, asijisikie vibaya. Mwaka mzima daftari la mwenzetu lilirudi na wino mwekundu: "Marudio. Marudio. Umeshasema hili." Aliposoma kile kisanduku aliona haya. Alifikiria malalamiko yake ya Chumbani, kuchoka juu ya kuchoka, akasema moyoni, afadhali wayapunguze, watu wasinione mwenye kulialia. Akaweka alama ya vema. Hakumfikiria baba yake hata kidogo. Sisi wengine tuliipitia fomu ile tukatia sahihi, hakuna hata mmoja aliyeona. Kwa hiyo kosa si la ofisi yako, Mgeni rasmi, wala si la kidole kile peke yake. Ni letu.

Kazi ya kuunganisha ilifanyika Jumanne asubuhi. Mtambo ulizikuta nyuzi mia tatu na kumi na moja zenye maneno yaleyale juu, ukazikunja zikawa moja. Ukaona uzi wa binti umenukuu maneno hayo hayo pale Simba alipobisha hodi, ukautia humo humo. Kisha ukayapanga yote kwa tarehe, ya baba na ya binti, safu moja.

Saa kumi mzee aliketi. Badala ya Kijiwe chake akakuta ukurasa mrefu asioujua. Hakuna aliyekuwepo kumwongoza. Yeye ni mtu wa subira, akaanza kusoma kutoka chini. Na chini kabisa palikuwa na maneno ambayo binti yake aliyaandika jana yake, Jumatatu:

"Leo ameniuliza mara tisa kabla ya mchana. Nampenda, Mungu anajua. Lakini nilijifungia chooni na mtoto mgongoni nikakaa tu. Natamani ipite siku moja asiniulize kitu."

Mzee akajibu. Tunakusomea jibu lake kama lilivyo:

"Binti usiyenijua, pole sana. Mimi ni mgeni humu, nilikuja kwa habari ya redio, lakini nimeyaona yako siwezi kupita. Huyo mzee wako pengine jibu analijua. Anauliza ili asikie kama upo. Hata redio, usiku umeme ukirudi, mtu huzungusha kitufe si kwa habari, ni kusikia kama kuna mtu. Usijilazimishe kumjibu kila mara. Mara nyingine kaa tu naye karibu, ukohoe. Mtoto mshushe mgongoni, utaumia. Na chooni usikae sana, kuna baridi. Mzee wako amebahatika."

Mwenzetu aliyasoma maneno hayo jioni ile, kwenye ngazi za shule hii, darasa likiwa limekwisha. Alipofika nyumbani mzee alikuwa amelala. Asubuhi alimwandalia uji, akakaa karibu naye, akakohoa. Mzee akamtazama. "Kifua hicho, dada, ukitazame," akasema. Hakukumbuka kitu.

Alitaka kumjibu pale pale mahali alipoandikiwa, kama binti asiyemjua. Usiku wa Jumanne ileile alikuwa ameandika, akafuta. Jumatano akaandika upya, akasahihisha, akatoa marudio. Alhamisi jioni, jibu likiwa safi, alifungua ukurasa akakuta juu yake mstari wa kijivu: "Swali hili limekwishajibiwa. Mjadala umefungwa."

Alichelewa kwa sababu alikuwa anasahihisha.

Tangu Alhamisi ile ni siku ishirini na tatu. Mzee aliendelea kuketi saa kumi. Anaandika, anabonyeza, na kabla hajaondoa kidole mtambo unamwambia swali limekwishajibiwa. Fundi wa zamu anaona kila kitu upande wa pili, hana pa kuandika. Mzee husoma mstari ule kwa sauti, kisha husema, "Wamefunga duka." Huweka mikono magotini.

Tulijaribu. Tulimwomba abadilishe maneno kidogo tu, mtambo usimtambue. Alikataa. "Swali ndilo hilo," alisema, "nibadilishe kwa nini?" Binti yake alijaribu kumpigia simu kutoka jikoni akijifanya fundi wa zamu, akaikaza sauti. Mzee akasikiliza, akasema kwa upole, "Mama, nadhani umekosea namba." Tuliandikia ofisi yako barua nne. Jibu la kila moja lilikuwa hili: "Ombi lako limeunganishwa na maombi yanayofanana nalo, na limefungwa." Tulicheka, Mgeni rasmi, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Kinachotutia hofu ni hiki. Kwa siku nne zilizopita mzee anaketi mezani lakini hawashi kompyuta. Huvaa miwani, hutazama kioo cheusi, huvua miwani. Muuguzi anayemtembelea alimwambia binti asimfiche: mazoea ya mtu wa namna hii yakitoka hayarudi, na hilo la saa kumi ndilo la mwisho alilobaki nalo. Jana alichelewa kuketi. Aliketi saa kumi na robo.

Na yule aliyetamani ipite siku moja asiulizwe kitu, siku hiyo ameipata. Jumapili iliyopita, kutwa nzima, mzee hakumuuliza yeye ni mtoto wa nani. Binti alisogea mara tatu akasimama karibu naye, akapita mbele yake, akakohoa. Nyumba ilikuwa kimya mpaka akasikia maji yakidondoka kwa jirani.

TUNACHOOMBA

Wenzetu walileta maombi mengi, tukayapunguza.

Mafundi wanaomba herufi za Ukumbi ziwe kubwa zaidi. Hili limeingizwa kwa shinikizo la Bibi Kapasita, aliyesema bila hilo asingekuja. Tumelifikisha.

Tunaomba kisanduku cha "Ondoa yanayojirudia" kiondolewe kwenye fomu, au kiwe na maelezo ya mtu kusoma mara mbili. Yako mambo ambayo kazi yake ni kujirudia. Mtoto akilia leo haambiwi kwamba alilia jana.

Tulibishana sana kama maneno ya binti yatenganishwe na ya baba, yarudishwe Chumbani, mzee asije akayakuta tena. Wengi walisema yatenganishwe, ni heshima. Mwenye maneno akasema hapana. Alisema, "Akiyakuta tena atanijibu tena." Tukalifuta ombi hilo. Yaacheni palepale.

Ombi kubwa ni moja. Tunaomba mjadala ufunguliwe, na Mgeni wetu aachwe aulize swali lake kila siku, akaribishwe kila siku. Tumeambiwa na wanaojua kwamba kufungua ni kubonyeza mahali pamoja tu, na kwamba wewe una ruhusa hiyo hata kwenye hiyo simu iliyo mbele yako. Hatuombi kamati iundwe, wala barua ya tano. Tunaomba kidole kimoja.

Mwenzetu bado ana jibu lake, limekunjwa ndani ya daftari. Hatutalisoma, maana halikuandikiwa sisi. Tutasema tu kwamba usiku wa kuamkia leo alilifuta lile safi akaandika jingine. Lina mistari minne. Mwalimu angelikata alama, kwa sababu neno "baba" limo katika kila mstari.

MWISHO

Mgeni rasmi, ukitazama saa yako sasa utaona kwa nini tuliomba ratiba isogezwe. Ni saa kumi kasoro dakika chache.

Jirani mshona viatu yuko nyumbani kwa mwenzetu, amempakata mtoto. Hili halimo karatasini, tunaliongeza kwa mdomo: tulipoanza kusoma ukurasa huu simu ya Katibu ilitikisika, naye kwa adabu hakuitazama. Simba wa Volteji ameitazama kwa niaba yake. Jirani ameandika: "Mzee ameshakunywa chai. Nimemwashia mashine, hakukataa. Amevaa miwani."

Zamu ya leo kwa haki ilikuwa ya Simba. Amemwachia binti.

Ukiona sisi sote humu tumeshika simu mikononi wakati wewe umeketi mbele yetu, usidhani tumekudharau. Tunasubiri mlango.

Tunakutakia safari njema ya kurudi na afya ya mwili. Mungu akulindie wazazi wako kama wapo, na kama hawapo akulindie sauti zao. Kazi yako iwe na baraka na milango yake iwe miepesi kufunguka. Na siku utakapofika umri wa kuuliza leo ulilouliza jana, uwe na mtu wa kukuitikia kama vile ndiyo kwanza unaingia: karibu, mgeni, tuanze mwanzo.

Ni sisi,
Kijiwe cha Mafundi Redio na Chumba cha Watunzaji,
ukumbi mmoja.